Gunzi la Mgongoni

Mtu akikuambia mwanamke hawezi kuuza ng'ombe wa mumewe bila hata kushika kamba, mwambie amuulize Mbuke.

Nkuba, mumewe, alikuwa na maradhi ya ajabu. Akilala, mkoromo unakatika, pumzi inaziba, kisha anashtuka akitweta kama aliyeopolewa mtoni. Mchana alisinzia machungani, ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wa watu. Majirani walisema atafia usingizini. Mbuke naye aliogopa, ila yeye alijua jambo moja: pumzi iliziba Nkuba akilala chali tu. Akimsukuma kwa kiwiko hadi alale ubavu, alipumua vizuri.

Hakulisema. Binti yao Roza alikuwa ameingia utawa Tosamaganga, misheni iliyo karibu na Iringa, mahari ikapotea, na Nkuba akakataza jina lake nyumbani. Waliposhauriwa kwenda kwa daktari Iringa, Mbuke akaona njia ya kumfikia mwanawe.

Maksai mmoja akauzwa mnadani Igawa. Daktari alimuuliza Mbuke, "Mama, pumzi inaziba akilalaje?"

"Vyovyote," alijibu.

Nkuba alipobaki akisubiri vipimo, Mbuke aliaga kwamba anakwenda sokoni kununua mkate, akadandia lori la misheni. Alirudi jioni na mkate, macho mekundu.

Vidonge havikusaidia, maksai wa pili akauzwa. Safari hiyo Mbuke alimkumbatia Roza huku roho ikimsuta, maana nyumbani ilibaki jozi moja tu ya kulimia.

"Imebaki njia ya kutoboa koo, apumulie hapo," daktari akasema. "Ni Dar es Salaam, na atakaa huko muda mrefu."

Nkuba alifikiri kidogo. "Nitauza jozi iliyobaki. Tutalima kwa jembe la mkono."

Mbuke alilitazama koo la mumewe, akashindwa kuvumilia.

"Daktari, akilala ubavu pumzi haizibi."

"Umejua lini?"

"Toka mwaka jana. Huwa namsukumaga na kiwiko."

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi mshonee kitu kigumu mgongoni mwa shati la kulalia, asiweze kulala chali. Isipofaa, mrudi. Hiyo gharama yake ni uzi."

Walirudi nyumbani. Mbuke alishona gunzi la mahindi kwenye shati, na mumewe akalala, akaamka, akachunga bila kusinzia. Maksai wawili wameliwa na uongo, ugonjwa umetibiwa na gunzi. Mbuke alisubiri kupigwa, au kurudishwa kwao. Aibu ilimkosesha hamu ya kula.

Asubuhi moja alikuwa akibadilisha gunzi lililovunjika, Nkuba akaketi karibu.

"Roza hajambo?"

Sindano ilimchoma kidole. "Hajambo, baba Roza."

"Sokoni hawafungi mkate na kitambaa chenye msalaba."

Mbuke aliinamisha kichwa.

"Ungeniambia umemkumbuka mwanao," Nkuba alisema. "Ng'ombe wale wale ningewauza."

Heri angempiga. Miaka yote ile alimhesabu kuwa mtu wa moyo mgumu, wala hakuwahi kumuuliza hata mara moja. Alitaka kuomba radhi, lakini machozi yakatangulia, yakadondokea shati.

"Shona vizuri," Nkuba akasema. "Kesho kutwa tunakwenda Tosamaganga, na huko nitalala na shati hilo hilo."