Hesabu ya Shiro

Nduta aliketi mstari wa tatu, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi, na ungemuuliza angekwambia ni baridi ya Othaya. Baridi gani hiyo ya kuvimbisha shavu? Lakini wanawake wa kijiji walishayazoea majibu yake. Mwezi wa nne alianguka kwenye majani chai. Mwezi wa sita ng'ombe alimpiga teke, na ng'ombe huyo hakuwahi kumpiga teke hata nzi. Waliitikia pole, wakaendelea na safari zao.

Kando yake mumewe, Gathogo, karani wa kituo cha kupokelea majani chai, alikuwa akisalimia kila aliyepita. Huyo alikuwa mtu wa watu. Harambee haikuanza bila yeye, na kanisani alikuwa na kiti chake. Nyumbani alifunga mlango kwanza.

Ilikuwa siku ya wazazi, na chama cha wanafunzi cha Kihispania ndicho kilichowavuta watu. Mwalimu Gatwiri, msichana kutoka Meru, alikuwa amepata mtandaoni masomo ya bure ya watoto: salamu, nambari, vyakula, sikukuu za Meksiko. Darasa la tano walikata karatasi za rangi, wakazitoboa michoro ya maua na ndege, wakazitundika ukutani kama wanavyofanya watu wa huko. Walipika hata tortilla.

"Hii si ni chapati ya unga ya ugali?" akauliza Mzee Mutahi, mwenyekiti wa wazazi. Watu wakacheka. Mzee akaomba ya pili.

Gatwiri akaeleza kwamba kila mtoto hufanya zoezi nyumbani kwa simu ya mzazi. Anasema maneno, simu inanasa sauti na kumpa nyota yenyewe, na rekodi inaingia kwenye laptopu ya mwalimu, ambaye huangalia nyota tu.

"Mwenye ako na nyota nyingi ni Shiro," akasema. "Wengine wanahesabu mpaka ishirini. Huyu aliniomba nimfungulie ya mbele, ati arobaini haimtoshi. Shiro, kuja uchague moja wazazi wasikie."

"Huyo ni damu yangu!" Gathogo akajipiga kifua, na makofi yakalia.

Shiro alikuwa na miaka kumi. Alifika mezani, akamtazama mama yake. Nduta akatabasamu kumtia moyo, na tabasamu likamuuma mdomo. Mtoto akabonyeza.

Spika ilikuwa kubwa, ya kuazimwa kanisani. Ikatoka sauti ya kunong'ona. "Uno." Kisha, pwaa! "Dos." Pwaa! Mwanzoni watu walitikisa vichwa kwa furaha, wakidhani kuna mtu anampigia mtoto makofi ya mdundo. Kwenye tisa wakasikia sauti ya mwanamke.

"Baba Shiro, tafadhali. Mtoto ataskia."

Nduta alijisikia mwenyewe akilia kwenye spika ya kanisa, na kilichompata kwanza hakikuwa hasira. Ilikuwa aibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, naye alikuwa ameficha kwa miaka kumi na miwili. Kwenye kumi na saba vikombe vilianguka. Kwenye thelathini mwanamke alinyamaza, lakini mshipi haukunyamaza, wala mtoto. Alivuta kamasi, akaendelea bila kuruka hata nambari moja.

Gatwiri akanyoosha mkono azime. Shiro akaushika.

"Bado, Ticha. Haijaisha."

Gathogo akasimama akicheka. "Wazazi, hizo ni kuni! Mama Shiro alikuwa anapasua kuni. Si ni hivyo, Mama Shiro? Waambie."

Vichwa vyote vikageuka. Nduta alijua kabisa kitakachofuata. Akisema ni kuni, watu watakubali, maana kukubali ni rahisi. Watamaliza tortilla zao na kwenda nyumbani. Mlango utafungwa, na safari hii mshipi utaanza na mtoto.

"Waambie," Gathogo akarudia kwa sauti ya chini. Vidole vyake vilikuwa shingoni mwa mkewe, vinabana.

"Sisi hatupasui kuni," Nduta akasema. "Tunapikanga na gas."

Ngumi ilimpata palepale, mbele ya mchungaji aliyealikwa na mbele ya watoto. Alianguka katikati ya viti, na teke likamfuata mbavuni. Kisha Gathogo akanyakua kiti cha chuma, akaenda mezani alipokuwa Shiro. Gatwiri alimfunika mtoto kwa mwili wake. Kiti kilishuka kwenye mkono wake, na mfupa ukalia hadi nyuma ya darasa. Gathogo akakiinua tena.

Hakikushuka. Nduta alikuwa amejikokota sakafuni, mdomo umejaa damu, akamkamata mguu na kuuma shavu la mguu ule kwa nguvu zake zote. Jamaa alipiga yowe. Hapo ndipo wanaume walipokumbuka kwamba wana miguu. Mutahi na wengine wanne walimwangusha, wakamkalia. Wanawake nao, walewale wa pole na ng'ombe, wakaja na viatu vyao vya siku ya sherehe, wakamkanyaga usoni na mikononi, mpaka Mutahi akapaza sauti: "Basi! Msimuue!" Waliacha kwa shingo upande.

Polisi walimchukua damu ikimtoka puani. Afande aliyebaki akafungua daftari, akamuuliza Nduta amepigwa mara ngapi kwa jumla. Nduta hakujua. Nani huhesabu akiwa chini?

"Hii mmeskia, ya Sunday, ilikuwa hamsini na mbili," Shiro akasema. "Zingine ziko kwa laptop ya Ticha. Ziko kumi na moja."

Afande akaacha kuandika.

"Ulikuwa unahesabu za nini, mami?" Nduta akamuuliza bintiye.

"Kuona akifika ngapi ndio anachokanga kukuchapa." Mtoto aliutazama mkono wa mwalimu uliofungwa kwa skafu. "Lakini zilikuwa zinaongezeka, mum. Nilikuwa nataka nijue mpaka mia kabla afike."