Nyota Tano Jikoni kwa Shufaa

Alfajiri Tadeo aliingia jikoni kwa Shufaa na sufuria yake, akasalimia kwa Kihehe, "Kamwene," akaiondoa nyota iliyokuwa imelala kwenye mafiga, akabandika uji wa mkewe. Nyota ilikuwa na joto kama chapati iliyotoka jikoni. Aliiweka juu ya gunia la mkaa, pamoja na nyingine nne.

Gesti ya Shufaa ina vyumba sita na iko jirani na hospitali ya Tosamaganga. Wageni wake ni ndugu wa wagonjwa. Hawaulizi televisheni. Wanauliza kama wanaweza kupika, na Shufaa huwajibu, "Jiko hilo hapo. Kuni zikiisha, niite." Sabina, mke wa Tadeo, tangu apasuliwe alikuwa anakubali kitu kimoja tu: uji wa ulezi uliosagwa kwao Ilula na kukorogwa na mumewe.

Nyota zilikuwa za hoteli kubwa ya mjini Iringa. Zilikuwa za shaba, zimepigiliwa juu ya mlango wa mapokezi. Tangu baridi ya Juni ianze, zilikuwa zikibanduka na kuja kuota moto kwa Shufaa. Kila asubuhi Zubery, dereva wa hoteli, alizifuata na ndoo.

"Dada Shufaa, unazipa nini hizi?"

"Moto tu. Kwenu hakuna?"

"Kwetu kuna kiyoyozi."

"Iringa hii? Juni?"

"Bila kiyoyozi hupewi nyota," alisema Zubery, akamalizia chai yake.

Meneja wa hoteli alilalamika, na Sosthenes, ofisa wa kukagua hoteli, akatumwa. Alilala gesti usiku mmoja. Asubuhi alikuta ndoo ya maji ya moto mlangoni, akaoga, akamwambia Shufaa kwamba tangu mama yake afariki hajawahi kulala vizuri hivyo. Kisha akakaa jikoni na kufungua faili.

"Lifti hakuna."

"Nyumba haina ghorofa, bwana ofisa. Lifti ingempeleka nani wapi?"

"Bwawa la kuogelea hakuna. Na wageni wanaingia jikoni. Hilo ndilo kubwa, mama. Mgeni hatakiwi kuingia jikoni."

Nyota mojawapo ilimpandia mapajani. Aliipapasa kwa mkono wa kushoto huku akiandika kwa wa kulia. Aliagiza jiko lifungwe kwa wageni kuanzia siku hiyo, la sivyo gesti yote ifungwe.

"Na hawa wanaopikia wagonjwa?" Shufaa aliuliza.

"Hilo halimo kwenye vigezo."

"Basi liandike, liwemo."

"Hakuna nafasi ya kuliandika," alisema Sosthenes, na alimwonyesha. Kweli, karatasi ilikuwa imejaa. Mstari wa mwisho uliuliza kama sabuni za wageni zina nembo.

Tadeo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Mzee," alisema, ingawa Sosthenes alikuwa mdogo kwake, "mke wangu hali kingine."

"Pole sana," alijibu Sosthenes, na alimaanisha. Alisubiri mpaka kufuli lilipofungwa.

Kesho yake nyota zilikuja kama kawaida. Zilikuta mlango umefungwa, zikajipanga kwenye kizingiti. Tadeo alikaa katikati ya nyota hizo, ameshika sufuria tupu. Zote tano zilikuwa baridi. Shufaa alimletea chai kutoka chumbani kwake. Alikuwa na vyumba sita na watoto wa kusomesha, na funguo za jiko zilikuwa mfukoni mwake. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Tadeo alinunua uji kwa mama mmoja wa njiani, akaupeleka wodini. Sabina aliunusa, akageukia ukutani.

Saa hiyohiyo Sosthenes alikuwa mjini, kwenye mlango wa ile hoteli. Zubery alikuwa bado hajarudi na ndoo. Ofisa aliinua macho, akahesabu matundu ya misumari, akaandika: nyota tano.