Theluji Iliyofunga Malisho

Theluji ya kwanza iliyeyuka kidogo, kisha baridi ikarudi kwa kishindo na kuigandisha ikawa ngumu kama saruji. Juu yake ikaanguka nyingine, ya kufika kiunoni. Tserenkhand alijua maana yake kabla mumewe hajatamka neno. Nyasi ziko chini, kondoo wako juu, na katikati hapapenyeki.

Mumewe, Namkhai, akawatanguliza farasi wavunje barafu kwa kwato, kondoo wafuate nyuma wakiokoteza. Ilisaidia kwa muda. Halafu farasi wakaanza kuacha damu njiani, miguu imechanwa na ncha za barafu, akawarudisha. Akashika sepetu mwenyewe. Mtu mmoja na sepetu, nyika nzima ya Mongolia mbele yake.

Binti yao Delger, aliyekuwa akifanya kazi kaskazini mwa Japani, alipiga simu.

"Huku nako theluji imenizidi kimo, mama. Lakini kukipambazuka mashine zimeshapita. Kuna barabara zina mabomba ya maji moto chini kwa chini, theluji haikai kabisa."

Namkhai akachukua simu. "Hongereni. Huko nyie mnaiondoa theluji. Huku theluji inatuondoa sisi."

"Hameni basi, baba."

"Nihamie wapi, mwanangu? Kila bonde ni hivi hivi."

Nyasi za akiba zikaisha. Kondoo wakaanza kutafunana manyoya. Asubuhi moja kondoo jike akazaa kabla ya wakati.

"Kichinje hicho kitoto," Namkhai alisema. "Kitamfyonza mamake uhai."

"Sichinji."

"Mama Delger, tukitaka wote tutakosa wote."

"Basi tukose!"

Tserenkhand alikifunga kitoto ndani ya koti lake, akamwingiza na yule jike hemani karibu na jiko la samadi. Akamwimbia jike wimbo wa kumbembeleza amkubali mwanawe, kama alivyofundishwa na mama mkwe. Jike alitega masikio, akakubali. Lakini kiwele kilikuwa kitupu. Kitoto kilinyonya upepo mpaka kikaacha, kikafa, na kabla ya giza kuingia jike naye akakifuata.

Namkhai hakumlaumu. Tserenkhand alitamani angemfokea.

Waliobaki walikufa wamesimama zizini, wameegemeana. Ilibidi uwasukume ndipo ujue nani bado yu hai. Mwanzoni Namkhai aliwachuna ngozi. Baadaye akaweka kisu chini, hakukigusa tena.

Ndipo trekta likaja likisukuma theluji, nyuma yake lori la nyasi za msaada. Dereva akateremka akipuliza vidole.

"Mzee, nishushe wapi?"

Namkhai akamwonyesha zizi. Dereva akatazama, akavua kofia.

"Wapelekee walio mbele," Namkhai alisema.

"Mbele ndiko nilikotoka, mzee wangu. Wamezikataa."

Tserenkhand ndiye aliyeuliza, "Mjini unarudi leo?"

"Narudi, mama. Ila nafasi ndiyo hiyo, nyasi zimejaa."

"Tushushe basi."

Wakashusha, yeye, mumewe na dereva, ili wapate pa kuweka jiko, sanduku na hema lililokunjwa. Namkhai alirusha matita kwenye theluji bila kuangalia yanaangukia wapi. Yalipasuka, upepo ukaanza kuyatawanya. Tserenkhand alikwenda kuwafungua farasi wawili waliosalia, akawasukuma kuelekea kwenye zile nyasi. Mmoja alikula. Mwingine alizinusa tu, akalala chini.

"Panda, Baba Delger," alimwambia mumewe. "Panda, twende."