Pole kwa Mwenye Tovuti

Mshonaji aliutambua ule ukucha kabla hajasoma neno. Alikuwa anatafuta kwenye simu dawa ya kola inayokunjamana, akaangukia tovuti ya mafunzo ya ushonaji, na pale pichani mikono miwili ilikuwa inabana kola kwa pini. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umepasuka katikati. Sindano ya cherehani ndiyo iliyoupasua, utotoni, mama yao akiwa ametoka kidogo. Basi huyo hakuwa mwingine ila mdogo wake, Kitindamimba, aliyeolewa na mwanamume ambaye mama hakutaka hata kumsikia, akabadili namba ya simu na kutoweka.

Na mama alikuwa ameshazikwa. Kitindamimba hajui. Hilo ndilo lililomuuma Mshonaji. Watu wa msiba walilia, wakala, wakatawanyika; nyumbani amebaki yeye, cherehani mbili, na kitanda cha mama ambacho hana moyo wa kukitandua.

Chini ya picha palikuwa na sehemu ya maoni, lakini ni nani mwenye akili timamu atakayempa ndugu yake habari ya kifo mbele ya kadamnasi? Akampelekea simu fundi simu wa jirani, mtu wa maneno mengi kuliko kazi.

"Kila mwenye tovuti huandikisha jina na anwani," fundi alimweleza. "Sasa huyu kalipia kampuni imfiche. Ona mwenyewe, penye jina pameandikwa siri."

"Yaani mdogo wangu wa tumbo moja ananificha mimi?"

"Hajakuficha wewe, dada. Kaificha dunia nzima. Wewe umo humo humo."

Hakuwa na nia mbaya, ila neno lilimchoma Mshonaji hadi kwenye mfupa.

"Kuna anwani ya barua pepe hii hapa, herufi zimevurugwa tu," fundi aliendelea. "Ukiandika, kampuni inamfikishia. Kujibu sasa ni hiari yake."

Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Kitinda, mama ametutoka. Alikuwa anakuulizia. Nipigie, mimi dada yako." Namba yake akaiweka mwanzo na mwisho, isije ikapita bila kuonekana.

Akangoja. Simu ikilia, anaidaka, kumbe mteja anaulizia suruali yake. Siku hizo alishona ovyo, mpaka akaunga mkono wa kulia wa shati upande wa kushoto.

Kisha tovuti ikabadilika. Juu kabisa paliandikwa: "Nimefiwa na mama. Niwieni radhi, sitafundisha kwa sasa." Chini yake wageni walikuwa wamejipanga: pole mwalimu, pole sana dada. Kila mmoja alijibiwa asante.

Kumbe ujumbe ulifika! Mshonaji alilia, na kilio cha kwanza kilikuwa cha hasira. Watu baki wanajibiwa, na yeye aliyemfumba mama macho hajibiwi. Alipotulia, akaandika naye palepale katikati ya wageni, bila jina: "Pole. Hakuteseka. Alilala tu."

Jibu likaja kabla hajaiweka simu chini: "Nawe pole, dada. Asante kwa kumuuguza."

Alikaa nalo hata chozi likakauka. Alipoifungua tovuti tena ili alisome upya, pole yake haikuwapo, na jibu halikuwapo. Vyote viwili vilikuwa vimefutwa. Wageni tu ndio waliobaki, na asante zao.