Mkono Uliotoka Jikoni

...na mkono wenyewe umelowa, bado una sabuni, mwenye mkono ametolewa jikoni mbio ili nami niwe na wa kushika, bila hata kupewa nafasi ya kujifuta, na mimi nimeambiwa niushike, nifumbe macho, nipumue, ati nipumue, kwani miaka hii yote nimekuwa nikifanya nini, 'ingiza pumzi, mama... shikilia... toa polepole,' ndivyo anavyosema huyu msichana wa kaunselingi, Waruguru, sauti laini kama uji wa mgonjwa, kucha amezipaka rangi ya zambarau, ametoka Nairobi asubuhi na chupa yake ya maji na atarudi jioni kabla vumbi halijamkamata viatu, na sisi wanawake wa kansa tumekaa duara kwenye viti vya plastiki ndani ya ukumbi wa kanisa hapa Machakos mjini, kila mmoja na anayemuuguza kando yake, macho tumeyafumba kama watoto wa nasari wanaolazimishwa kulala, 'nikiwaambia mfungue macho, kila mgonjwa atamwambia aliyemleta neno moja ambalo hajawahi kumwambia, moja tu, kutoka moyoni,' haya, moyoni tena, huyu kila kitu chake ni moyoni, asubuhi aliniuliza, unajisikiaje moyoni, mama Mbinya, nikamwambia moyoni sina kitu, mwanangu, ni titi lililokatwa, watu wakacheka, yeye akatabasamu kwa huruma, huruma ile ya mtu anayemtazama punda wa mwenzake, nikatamani kumpiga na kiti. Lakini leo sina haki ya kumpiga mtu na kiti. Mkono huu ulikuwa jikoni unaosha vikombe kwa sababu ya mdomo wangu, si wake. Waruguru alipozunguka akiuliza, na huyu aliyekuleta ni nani wako, huyu akajibu ni dadangu, yule ni bwanangu, yule mwingine ni mtoto wangu wa mwisho, tukapiga makofi kila mara kama tuko harambee, akanifikia mimi, nikaona msalaba pale ukutani, nikaona zile nyuso za akina mama wa kanisa, wenye meza yao ya Bwana, zikinitazama, na mimi Mbinya, ambaye chifu mwenyewe akija bomani kwangu huvua kofia, nikasema, 'Huyu? Huyu ni msichana wangu wa kazi.' Wazi kabisa, bila hata kugugumia. Mwikali. Mke niliyemwoa mimi mwenyewe, kwa mbuzi zangu mwenyewe, nikamleta nyumbani kwangu Muthetheni mchana kweupe na ngoma ikipigwa... msichana wa kazi! Na Waruguru akasema, 'Ooh, basi, kwa vile hii ya sasa ni ya familia, anaweza kuwasaidia akina mama huko jikoni,' na Mwikali akainuka, akakunja mikono ya sweta, akaenda.

Alitii. Hilo ndilo linalonikereketa kama mfupa wa samaki, alitii, yeye ambaye nilimchagua kwa sababu ya mdomo, siku ile sokoni Yatta nilimkuta amemshika mwuza mahindi shati, anamwambia, rudisha kibaba changu au utaenda kwenu kifua wazi, nikasema moyoni, huyu, huyu ndiye atakayelinda nyumba yangu nikifa, wengine walinionyesha wasichana wapole, wapole wa nini, mpole anafukuzwa na kuku. Maana mimi sikuzaa, bwanangu Mwangangi alikufa akiniacha na shamba na ng'ombe na jina la Mbinya tu, Mbinya kavu, bila mama-nani mbele yake, na sisi Wakamba hatukuanza jana, mwanamke asiyezaa huoa mwanamke mwenzake amzalie, mlango wa nyumba usifungwe, huyo anaitwa iweto na watoto wake ni wa nyumba ile, nyanya yangu alioa, na hakuna aliyemwambia apumue. Nikapeleka mbuzi za ntheo kwao, zikachinjwa, wazee wakala, na mbuzi hizo zikishaliwa huyo ni mke, hakuna swali. Akazaa mvulana, nikampa jina Mwangangi, akazaa msichana, akaitwa Mbinya, na ghafla kuna watu wawili ulimwenguni wanaoniita susu, nyanya, wananivuta leso wakitaka mandazi. Kanisa nalo likaniondoa meza ya Bwana, ati ninaishi katika giza, na waliopiga kura ile nusu yao wana watoto nje ya ndoa wanaofanana nao mpaka masikio, kwenda huko! Niliwacheka. Miaka yote nimewacheka, nikipita mbele ya mlango wao Jumapili na kikapu changu kichwani makusudi, na leo wenzao wa hapa mjini wamenipa kiti cha plastiki na kikombe cha chai tu, mimi huyo nikawaogopa. 'Na mawazo yakija, yaacheni yapite,' anasema, 'kama mawingu,' mawingu gani, wewe, Machakos hapa mawingu yakipita bila kunyesha tunalia njaa.

Nzomo ameanza. Nilijua tu. Nzomo ndiye mume pekee aliyekuja, mke wake ndiye mwenye kansa ya kizazi na yeye ndiye anayelia, anavuta kamasi mpaka duara zima linasikia, na mke wake, aliyebaki mifupa, namsikia anamwambia, 'basi, baba, basi, nyamaza,' mgonjwa anambembeleza mzima, ndiyo kaunselingi hiyo, lipieni. Mwanamume mzima... lakini mke wake aliposema ni bwanangu, yeye akaongeza, 'Huyu ni mke wangu, na nikimkosa mimi sijui nitaenda wapi,' hivyo, mbele ya watu, kamasi na yote, na hakuna aliyempeleka Nzomo kuosha vikombe. Nyamaza, Mbinya. Mkono huu umeanza kukauka. Mkubwa, mgumu, kiganja kina sugu za jembe, sijawahi kuushika hivi, ni ukweli, nimeupa pesa za sukari, nimeupa mtoto, nimeupa beseni la matapishi, kuushika tu hivi bila kazi, hapana, si desturi, mtu na mkewe wanashikana mikono ya nini, sisi si wazungu. Njiani pale Mlolongo, ndiyo, pale Mlolongo alikishika kichwa changu, tulikuwa tunatoka kupigwa ile dawa Nairobi na tumbo likapanda, akamfokea dereva mpaka akasimama pale kwenye mizani ya malori, nikatapika kati ya magurudumu, na wale matingo wakaanza kucheka, ati mama amelewa saa tano, akawageukia na kinywa kile cha soko la Yatta, sitarudia aliyosema, hata mama zao waliomo makaburini walisikia, huku mkono mmoja umenishika paji la uso. Na titi. Waruguru ametuletea matiti ya sponji kwenye mfuko wa karatasi, anatuonyesha kwa kunong'ona kama anauza bangi, mimi nina langu tayari, Mwikali alilishona kwa shuka kuukuu akalijaza mawele, akalipima kwa viganja, la mawele huku, la Mungu huku, akiongeza na kupunguza kama anayenunua nyanya, mpaka akasema, 'Mwaitu, sasa hata wewe mwenyewe utasahau ni lipi,' mwaitu, ndivyo anavyoniita, mama yangu, na siku alipolianika kambani kuku wakalirukia, wakalitoboa, tukawakuta wanadonoa titi langu uani kwa furaha zao zote, nilicheka mpaka mshono ukauma, yeye alikaa chini mavumbini kwa kucheka, na nilikuwa sijacheka tangu hospitali. Penye kuku wengi usimwage mtama, wanasema. Na leo nimeumwaga wapi? Mbele ya Emily.

Emily yuko upande wa pili wa duara, hata nikifumba macho najua anakoketi, namsikia anavyopumua kwa bidii, mwanafunzi mwema, Emily wa kwetu Muthetheni, kansa yetu ni moja, soko letu ni moja, na bwana yake hulima kwa plau moja na Maundu. Nilipotamka lile neno alisema, 'Heh! Kumbe ni mfanyakazi? Na sisi tulikuwa tunafikiria...' akakatiza hapo, akanywa chai. Akanywa chai! Kesho kabla umande haujakauka Maundu atakuwa nalo. Maundu ni mtoto wa shemeji yangu, tangu nikatwe titi huja kila wiki kuniamkua na kupima mpaka wa shamba kwa macho, 'Mama mkubwa, usijali, ukitutangulia sisi tupo, huyo mwanamke na watoto wake tutawarudisha kwao vizuri,' vizuri! Akaja hadi na naibu wa chifu, na yule akauliza, ni nani alishuhudia ndoa hii, na mimi nikataja wazee waliokula zile mbuzi, mmoja mmoja, na wote wako chini ya udongo, hata yule wa mwisho tulimzika wakati wa kiangazi, nikawaambia, basi nishuhudieni mimi, mimi bado sijafa, nikisema ni mke wangu, ni mke wangu. Maundu akacheka tu. Sasa hatahitaji kucheka. Atasema, mwenyewe alitamka, kanisani, mbele ya watu, akili yake timamu, alisema ni mfanyakazi, na Emily atainua mkono, nilikuwepo, na Mwangangi wangu mdogo na Mbinya wangu mdogo watafungiwa nguo zao kwenye shuka na kuambiwa nyumbani kwenu ni Yatta. Kwa neno langu, si la Maundu. Maundu nimemdharau tangu akiwa na makamasi, na kumbe alihitaji tu nione aibu mara moja.

Nini hiki. Kidole gumba chake kimeanza. Mkono wangu wa kushoto huvimba tangu operesheni, umejaa maji kama mtungi, na nesi alimfundisha Mwikali kuukamua, kuanzia kwenye kifundo kupanda juu kwa kidole gumba, polepole, kila jioni anafanya, na sasa hivi, hapa, baada ya kutumwa vikombe, ameusikia ulivyovimba na kidole kimeanza chenyewe, kinapanda, kinafika kiwiko, kinarudi, kinaanza tena. Sijui ni mazoea. Sijui ni huruma, na huruma siitaki, wala sijui kama ananifanyia kazi tu, kwa kuwa nimesema ni kazi. Sijawahi kumwuliza. Nilimtolea mbuzi nikaona swali limekwisha. Unaona, Mbinya, umekaa hapa tangu asubuhi unawadharau, huyu kucha, yule kamasi, na katika duara zima hakuna wa kudharauliwa kukushinda wewe, aliyemkana mkewe mbele ya sahani ya mikate. Nisilie. Sitalia, Waruguru akiniona nalia ataniletea kile kitambaa chake na kuniambia ni sawa, mama, ni sawa. Si sawa! 'Tunakaribia,' anasema, 'lile neno moja, litafuteni sasa, kila mmoja atamnong'onezea mwenzake sikioni,' kunong'oneza, mimi? Niliyemwita mfanyakazi kwa sauti ya kufika ukutani, nimwite mke kwa mnong'ono? Na neno moja halinitoshi, asitake kunipimia, nitasimama, magoti yataniruhusu, nitasema huyu ni Mwikali, mke wa nyumba yangu, nilimtolea ntheo, watoto wake ni wa Mwangangi, nimedanganya hapa asubuhi kwa kuwaogopa nyinyi, na nyinyi si watu wa kuogopwa. Na akikataa? Akisema mbele ya wote, hapana, mama, mimi ni wa kuosha vikombe, wewe ndiye umesema? Ana haki. Ana mdomo, niliuona sokoni. Hata siku ya kisu sikuogopa hivi, siku ile nililala mezani nikawaambia kateni. 'Bado, bado kidogo, msifungue,' anasema msichana, na mimi ninangoja, mimi ambaye sijawahi kungoja ruhusa ya mtu, kidole kinapanda, kinafika kiwiko, kinarudi, Nzomo anavuta kamasi, mke wake anasema basi, baba. Nasafisha koo. Emily ana sikio moja zito, la kulia, na sitaki kesho aseme hakusikia vizuri.