Kipoza cha Maji cha Baba

Kompyuta ilizima tena, na safari hii ilizima pale Safa, bibi harusi, anapoanza kucheza na shangazi zake. Filamu niliyokuwa nahariri ilikuwa imefika katikati. Kioo kikawa cheusi, feni ikakoroma kidogo, kisha kimya. Nikagusa ubavu wa kasha na kuuondoa mkono haraka. Nilitaka kulia, lakini Julai ya Baghdad haikupi hata nafasi hiyo, maana uso ulikuwa umeshalowa jasho na nani angejua machozi ni yapi.

Mimi nahariri filamu za harusi, upande wa wanawake. Kwenye sherehe ile wanawake huvua abaya, hufungua nywele na kucheza wanavyotaka, na hakuna mama wa mtaa wetu wa Zafaraniya atakayekubali picha hizo zipite mikononi mwa studio ya wanaume. Kwa hiyo kazi yangu siwezi kuipeleka kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ni yangu au hakuna. Umm Safa, mama wa bibi harusi, alikuwa amenipa picha zote kwa sharti moja: filamu iwe tayari Alhamisi, siku ya saba ya harusi, wanawake watakapokuja kumpongeza binti yake. Nusu ya mtaa itakuwa imekaa sebuleni kwake, ikinywa sharubati na kunihukumu.

Baba naye alikuwa na sharti lake.

"Rusul, mama, nimevumilia," aliniambia. "Kazi mbili umezichelewesha kwa sababu ya hilo dubwana. Hii ya tatu ikikushinda, Ijumaa nalipeleka sokoni."

Hakuwa anatania. Kamba ya kulifungia kwenye pikapu alishaitundika kwenye msumari mlangoni, nikawa naiona kila nikipita kwenda jikoni. Wala siwezi kusema ni mkatili. Umeme wa serikali unakuja unapojisikia, na saa nyingine zote tunanunua ampea chache za umeme kutoka jenereta ya mtaa. Kompyuta ikiwaka, mubarida inayopoza chumba cha mama inazimwa, na mama ana presha. Baba alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ugonjwa wa kompyuta niliujua vizuri. Nilikuwa nimeinunulia prosesa kubwa ya mtumba, nikaacha kipoza kile kile kidogo kilichokuja na prosesa ndogo ya zamani. Prosesa ikipata kazi nzito inapanda nyuzi mia, halafu inajizima isiungue. Dawa yake nayo niliijua, maana nilikuwa nimesoma na kuulizia mpaka nikachoka: bonge la vipande vyembamba vya bati lenye mabomba manne ya shaba na feni moja pana ubavuni. Bei yake dinari elfu thelathini na tano, na mimi nilikuwa na arobaini. Hesabu ilikuwa imeisha. Kilichobaki ni kwenda Mtaa wa Sinaa, kwenye maduka ya kompyuta, kununua na kurudi.

"Twende wote," alisema baba. "Ukienda peke yako watakuuzia mbuzi kwenye gunia."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baba ni fundi wa mubarida, yale masanduku ya bati yanayopuliza upepo kupitia nyasi zilizoloweshwa maji. Ameyatengeneza tangu kabla sijazaliwa, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba kila kinachopoa duniani kinapoa kwa ruhusa yake. Njia nzima kwenye pikapu alinifundisha.

"Upepo mtupu haupozi kitu," alisema. "Upepo bila maji ni kupuliza moto. Muulize mtu yeyote."

"Baba, ndani ya kompyuta hatutii maji."

"Ndiyo maana inaungua."

Niliangalia dirishani mpaka tulipofika.

Duka la Ghaith lilikuwa ghorofa ya juu kabisa, na joto lake lilikuwa la tanuri la mkate. Mubarida ya duka ilikuwa juu ya paa, ikishusha hewa kwa bomba la bati, lakini ile hewa ilikuwa kavu na imejaa vumbi. Ghaith, kijana mnene aliyejifunga taulo shingoni, aliniruka mimi kwa macho na kumwendea baba.

"Karibu, Haji. Nikusaidie nini?"

Baba hajawahi kufika Makka, ila hakumsahihisha.

"Nataka kipoza cha prosesa," nilisema mimi. "Cha feni moja, mabomba manne. Kile pale, rafu ya pili."

"Haji, ni ya kazi gani?" Ghaith akamuuliza baba.

"Ya kuhariri filamu," nikajibu.

"Filamu!" Ghaith alimwambia baba. "Basi kile cha rafu ya pili hakitamtosha, Haji. Chai?"

Nilihisi kichwa kinachemka kuliko ile prosesa. Niliuliza bei, akamtajia baba. Nikauliza kama kitaenea kwenye kasha, akampimia baba kwa vidole. Ningewasha moto katikati ya duka, naamini angemuuliza Haji kama anasikia harufu ya moshi. Na baba alikaa pale na gilasi yake ya chai, ameinua sikio juu.

"Pampu yako imekufa," alisema ghafla.

"Pampu ipi, Haji?"

"Ya mubarida yako huko juu. Inazunguka lakini haivuti maji. Na nyasi zako zimeoza, nazisikia harufu."

"Kila fundi namwita, hakuna anayekubali kupanda juu na jua hili," alisema Ghaith akijifuta. Halafu, nadhani kwa kubadilisha maneno tu, akatoa boksi chini ya meza. "Haji, ngoja nikuonyeshe kitu. Hiki ni kipoza cha maji."

Nilimwona baba akiweka gilasi chini.

Kilikuwa cha mtumba. Kina pampu ndogo ya kukaa juu ya prosesa, mipira miwili, na rejeta yenye feni mbili zinazowaka taa za rangi. Maji yanazunguka humo ndani, alieleza Ghaith, yanabeba joto na kulitoa nje. Baba alikishika kama aliyekutana na ndugu yake uwanja wa ndege. Kumbe hata kwenye kompyuta wanatumia maji! Alinitazama kwa ushindi wa mtu aliyebishiwa njia nzima.

"Bei?"

"Sitini, kwa ajili yako."

"Baba, hapana," nilisema. "Hiki ni cha mtumba. Pampu ikiwa mbovu, ni chuma tu. Maji ya ndani yanakauka kwa miaka na huwezi kuyaona. Kijaribiwe kwanza."

"Umeme wa serikali umekatika, Haji," alisema Ghaith, "na jenereta yetu haibebi meza ya majaribio. Lakini naapa, kilikuwa kinafanya kazi kwenye mashine yangu mwenyewe."

"Tungoje umeme urudi," nilisema.

"Mtu kaapa, Rusul."

"Baba, tungoje."

Hakunisikia. Alishaanza kupatana, na baba akianza kupatana hata mwito wa sala unamsubiri. Alitoka sitini akashuka hamsini, akainuka kuondoka, akaitwa mlangoni, akarudi, akamtaja marehemu baba yake Ghaith ambaye hakumjua, na mwisho kikaanguka arobaini. Pesa zangu zote. Akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nami nikazitoa. Nizikatae vipi mbele ya watu? Juu ya kichwa cha Ghaith palikuwa na karatasi imebandikwa: kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi.

"Umeona?" baba aliniambia kwenye ngazi. "Kitu cha sitini kwa arobaini. Ungekuwa peke yako ungetoka na kile kibati."

Nilikifunga jioni ile ile, kwa uangalifu wote, na baba amesimama nyuma yangu akiangaza tochi mahali nisipopahitaji. Nikawasha. Taa za rangi ziliwaka, nyekundu, kijani, buluu, na baba akapiga makofi. Nikafungua filamu ya Safa. Nyuzi sitini. Themanini. Tisini na tano. Niliweka kidole juu ya pampu na haikutetemeka hata kidogo. Nikashika mipira: mmoja ulikuwa wa moto kwenye shingo ya pampu tu, mwingine baridi kabisa. Maji yalikuwa yamelala. Kioo kikawa cheusi.

"Labda tuongeze maji," alisema baba. "Nilete jagi?"

Nikapasuka.

"Baba! Umekaa dukani umesikia pampu mbovu iliyo juu ya paa! Iliyo mkononi mwako hukuisikia? Nilikwambia tungoje. Nilikwambia nini nataka, mbona nilikwambia kabla hatujatoka hapa! Kila mtu anamuuliza Haji, Haji, Haji. Haji anahariri filamu?"

Mama alitoka chumbani akasimama mlangoni. Baba alizima tochi, akaiweka juu ya meza polepole. Nikampigia Ghaith simu naye akanisomea ile karatasi ya ukutani, neno kwa neno, kwa sauti ya upole kabisa. Nilikata. Baba alikuwa ameshatoka nje, na chakula cha usiku hakukila nasi.

Asubuhi ya Jumatano niliamka nikakuta pikapu haipo. Nikapita mlangoni kwenda jikoni, nikarudi nyuma hatua moja. Msumari ulikuwa mtupu. Kamba haipo.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Katoka na alfajiri. Hakusema."

Nilijua. Ameenda kutafuta mnunuzi, hata Ijumaa hakutaka kuingoja. Pengine nilikuwa nimemvunjia heshima mbele ya mama na haya ndiyo malipo. Niliketi mbele ya kompyuta, nikaanza kuhamisha picha za Safa kwenye kidude cha kuhifadhia ili nimrudishie mama yake. Umm Safa angeniambia si kitu, mwanangu, halafu angemwambia kila mtu. Hakuna mwanamke ambaye angenipa tena harusi yake. Kwa hasira niliyokuwa nayo kwa baba, chai niliiacha mezani.

Karibu na adhuhuri simu ililia. Namba ya Ghaith.

"Ukinisomea tena ile karatasi," nilimwambia kabla hajafungua mdomo, "nakuja hapo na kipoza chako nakuvisha shingoni."

"Subiri, dada, subiri!" alisema. "Nina swali. Prosesa yako ni ipi hasa, na kasha lako lina upana gani?"

Ilikuwa mara ya kwanza ananiuliza mimi kitu.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu baba yako yuko juu ya paa langu tangu asubuhi. Kabadilisha nyasi zote, sasa anafunga pampu mpya. Hataki pesa, anataka kipoza. Nikamwambia, Haji, chagua chochote. Nikamtolea hata kikubwa cha feni mbili, cha elfu sabini. Akanifokea! Akasema yeye ni fundi mubarida, hajui lolote la kompyuta, na mimi nisimuulize yeye. Mwulize binti yangu, anasema, na atakalosema usimpinge, mimi nilimpinga."

Nyuma yake niliisikia nyundo ikigonga bati, na sauti ya baba ikitokea mbali: "Umempata? Muulize yote! Usimharakishe!"

Jua la saa ile linachubua ngozi. Mimi mwenyewe hata nguo za kuanika nazitoa baada ya magharibi. Na baba ana miaka sitini na mmoja.

"Cha rafu ya pili," nilisema. "Mabomba manne, feni moja. Kile cha feni mbili hakitaingia kwenye kasha. Na umwambie anywe maji."

"Amesema pia nikupe bure pesti ya kupaka chini ya kipoza. Hiyo hatukupatana."

"Mpe," nilisema. "Unajua hatashuka bila hiyo."

Alirudi baada ya alasiri, uso mwekundu, vidole vimekatwa na bati, nyasi kwenye nywele. Aliweka boksi mezani na kulisogeza kwangu bila kulifungua. Nilimletea maziwa ya mgando yenye barafu, akanywa jagi zima akiwa amesimama. Kisha akachukua tochi.

"Niangaze wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Akaangaza pale pale mpaka nilipokaza skrubu ya mwisho. Filamu ikaanza. Nyuzi sitini na tano. Sabini. Sabini na mbili, ikakaa hapo. Shangazi zake Safa wakaingia kati na baba akageuza uso ukutani haraka, maana picha zile si za macho yake. Akakaa hivyo, amenipa mgongo, akisikiliza feni.

"Inavuta vizuri," alisema.

"Inavuta."

Filamu ilifika mwisho kabla ya magharibi. Niliitazama mara mbili kuhakikisha, nikazima kompyuta, na mama akawashiwa mubarida yake. Nilipotoka kwenda jikoni nikaona ule msumari mlangoni, bado mtupu.

"Baba, kamba iko wapi?"

"Ipi? Ile?" Alikuwa amejinyoosha sakafuni, amefumba macho. "Nimeiacha kule. Miguu ya mubarida ya Ghaith imekatika kwa kutu, nimeifungia hiyo kamba isianguke."