Sauti ya Kazini

Kazini wananiita Mama Pole. Cheka tu, lakini jina nimelitolea jasho. Miaka kumi na moja nimekaa kitengo cha malalamiko cha idara ya maji, hedifoni masikioni, natukanwa. Mtu anapiga amefura, bomba limekauka siku ya nne, na yeye ana sabuni kichwani. Atanitukana mimi na ukoo wangu mzima. Mimi navuta pumzi mara tatu, puani iingie, mdomoni itoke, kisha namwambia, "Pole sana, nimekusikia." Simkatizi. Namrudishia maneno yake mwenyewe ajue yamefika. Dakika ya tatu ananiuliza watoto hawajambo.

Wageni wa kitengo nawafundisha mimi. Hasira ya mteja si yako, usiibebe. Simu ngumu ikiisha, inuka kitini, nyoosha shingo, kunywa maji. Wananiandika kwenye madaftari yao kana kwamba nimeshushiwa wahyi.

Sasa nyumbani, jamani, nyumbani nilikuwa moto wa kuotea mbali. Nilikuwa nikirudi subira yote imekombwa na watu nisiowajua. Binti yangu, miaka tisa, ananiamkia "Shikamoo mama," mimi namjibu, "Hivi viatu vinafanya nini mlangoni?" Mama yangu mzazi, tunayeishi naye, akisema, "Punguza, mwanangu," namgeukia na yeye. "Mama, nimetukanwa toka asubuhi, niacheni nipumue!" Na nilijiona nina haki, ndicho kinachoniuma. Wateja nalipwa kuwavumilia. Wa kwangu nilijua hawana pa kwenda.

Jumatatu asubuhi binti yangu alipeleka mkono mezani, akapiga kikombe, chai yote ikaishia kwenye sare yangu niliyotoka kuipiga pasi. Nikawaka. "Hayo macho umepewa ya nini? Mzigo tu wewe!" Hakulia. Aliinama, akaanza kupangusa meza kwa mkono wa sare yake ya shule. Nikabadilisha nguo, nikaenda zangu kazini, nikawa mtamu kwa watu arobaini.

Wiki hiyohiyo ikaanza simu bubu. Mtu anapiga, ukipokea, kimya. Unasikia pumzi tu, kisha anakata. Kwenye skrini zetu tunaonyeshwa tarakimu tatu za mwisho za namba, basi, kwa hiyo mpigaji humjui. Aliyeipokea mara ya kwanza alikuwa Fundi, mgeni wangu, mtu mzima aliyesoma mita mitaani miaka ishirini hadi goti likamgomea, wakamleta kwenye simu.

"Mama Pole," akaniambia, "huyu ni mtoto. Na ana neno anataka kulisema."

"Ee, bwana wee! Utakuja kuzeeka na hedifoni kichwani ukisubiri hilo neno."

Jumatano ikaniangukia mimi. Nikasema maneno yangu yote, karibu, nikusaidie nini, pole, chukua muda wako. Pumzi tu. Haikukatwa mpaka nilipokata mimi. Alhamisi nikamwita Fundi aje aone inavyofanywa: unabonyeza hapa, unachagua "msumbufu", namba imefungiwa. "Usimpe mtu nafasi ya kukuchosha," nikamfundisha. Akatikisa kichwa, akarudi kitini kwake.

Ijumaa saa tisa alasiri nikapokea namba nyingine.

"Karibu idara ya maji. Nikusaidie nini?"

"Mama."

"Wewe! Simu umeitoa wapi? Nani amekuruhusu—"

"Mama, usibadilishe," akasema harakaharaka. "Naomba uongee kwa ile sauti ya mwanzo."

Nikavuta pumzi mara tatu, ile ninayowafundisha watu, na ilikuwa mara ya kwanza kuivuta kwa ajili ya mtu wa nyumbani kwangu.

"Pole sana," nikasema. "Nakusikiliza."

"Ubaoni sioni. Toka muhula uanze sioni. Nanakili kwa mwenzangu, na leo mwalimu amesema yatosha, Jumatatu nije na mzazi. Na ile chai sikukusudia. Kikombe nilikiona kiko mbali."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mdomo ulishazoea kazi yake, ukaendelea wenyewe. "Huoni ubaoni, na mwalimu anataka mzazi. Nimekusikia. Mbona hukuniambia nyumbani, mwanangu?"

"Nyumbani nikianza, unamaliza wewe."

Akanieleza bila hata kulalamika. Namba aliiona kwenye ankara ya maji, akawa anapiga kwa simu ya bibi yake akitoka shule. Wakipokea watu wengine alikuwa anaona haya, anakata. "Jumatano ulipokea wewe. Nikasikiliza tu. Leo simu ya bibi inasema namba imefungiwa, nimeazima ya mwenye duka."

Nikamwambia arudishe simu, aende nyumbani, nakuja. Nikaifungulia namba ya mama yangu. Fundi alikuwa ananiangalia. Nikamwambia, "Ni wangu." Maskini, hakusema "nilikwambia". Alinisogezea glasi ya maji, akapokea simu zangu na zake.

Niliwakuta jikoni wanachambua mchele. Binti yangu ameinamia ungo mpaka pua inakaribia kugusa punje. Kila siku alikuwa anainama hivyo, nami kila siku nilikuwa nampigia kelele akae wima.

Nikapiga magoti sakafuni. "Nisamehe, mwanangu. Wewe si mzigo. Jumatatu tunapita shule kwa mwalimu, kisha hospitali, tukapime macho." Nilisema polepole, kwa sauti ileile ya kazini.

Akamtazama kwanza bibi yake, kama anayeuliza hii ni kweli au mtego. Kisha akajisogeza nyuma ya kiti cha bibi.

"Mpe muda," mama yangu akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Hiyo sauti ameisikia simuni, siku mbili tu. Ile nyingine ameishi nayo miaka tisa."

Nikabaki palepale chini. Magoti yakaanza kuuma, sikuinuka. Baada ya kitambo akachungulia.

"Mama, Jumatatu tukitoka hospitali, utarudi kazini?"

"Nitarudi."

"Naweza kukupigia? Kuna jambo jingine."

"Niko hapa, mama. Niambie sasa hivi, sitakukatiza."

Alinitazama usoni, amekaza macho yake yale yasiyoona mbali. Nami nilikuwa karibu kabisa.

"Hapana," akasema kwa adabu. "Nitakupigia kulekule."

Nikasema sawa.